Kikombe cha Matembele

Daktari alikuwa binti mdogo, hata akaniamkia shikamoo kwanza, ndipo akaniambia nina bonge la damu iliyoganda ndani ya moyo. Nilikuwa nimeshaitikia marahaba kwa furaha.

Nilikuwa nimerudi kwa mama mdogo, Temeke, nikitokea Tunduma. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mtaa mmoja hadi nikazijua siku za gari la taka. Safari hii nilirudi na mafua makali. Mafua yakaisha, kifua kikabaki kinabana, na kupanda ngazi mbili za barazani kukawa kazi.

Daktari alinieleza huku akichora nyuma ya karatasi ya vipimo. Mafua yalikuwa yameacha mchochota kwenye msuli wa moyo. Mwili bado ulikuwa unapigana, na pale unapopigania pamevimba. Ukuta wa ndani wa moyo, ambao kawaida ni laini, ukiwa hivyo unanata. Damu nayo inajiandaa kuganda, kana kwamba kuna kidonda cha kuziba. Tena sehemu ile ilikuwa imechoka, haisukumi vizuri, damu inazubaa pale pale. Nikaiona barabara ya Kurasini: lori moja likiharibika, nyuma yake yanasimama yote. Kipande kikichomoka, alisema, kinaweza kwenda kichwani. Akaniandikia dawa ya kuzuia damu kuganda, kipimo kila wiki, na miezi mitatu bila safari.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia, na mimi niliukumbuka moshi wa korosho za kubangua wa Masasi ya utoto wangu. Begi lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango, nikawa naligeuzia mgongo ili nilale.

Mama mdogo nilimwambia kwa kifupi kwamba damu yangu ina matatizo. Nilikosea. Kwetu, damu yenye matatizo ni damu iliyopungua. Asubuhi akanichemshia matembele, maji yake nikayanywa bilauri nzima. Mchana kisamvu cha karanga, jioni mchicha. Jirani akaleta matembele mengine kwenye beseni, akasema nimeanza kung'aa.

Kumbe kila wiki kipimo kilikuwa kinamkatisha tamaa daktari. Alipandisha dozi mara mbili, damu bado inawahi kuganda. Mwisho akaniuliza ninakula nini. Nilipofika kwenye beseni la jirani, akaweka kalamu chini, akacheka. Majani yale yana kitu kinachoisaidia damu kuganda, kwa hiyo yalikuwa yanavutana na dawa. Akaomba nije na mama mdogo.

Alikuja na kanga mpya, amejiandaa kwa ubishi.

"Mjukuu wangu, mtu anaumwa damu, nimnyime mboga? Nimlishe nini, soda?"

"Bibi, damu anayo ya kutosha. Mboga mpe, ila kiasi kidogo, na kiwe kile kile kila siku. Mie nitapanga dawa kwa kiasi hicho."

Mama mdogo alifikiri kidogo, akasema hilo ameelewa. Siku hiyo hiyo akachagua kikombe cha plastiki cha bluu kilichokatika mkono. Mboga zangu zikawa zinapimwa humo, zikisawazishwa kwa mgongo wa kijiko kama mchele wa dukani. Nikiomba nyongeza, ananiuliza kama nataka kumwaibisha kwa mjukuu wake.

Miezi mitatu ilipotimia tukaenda wote kwenye kipimo cha picha ya moyo. Daktari alitazama kioo cha mashine, akasogeza kifaa kifuani mwangu huku na huku. Kisha akasema mchochota umetulia na bonge halipo. Mama mdogo akasogea kuchungulia.

"Limeyeyushwa na dawa, au na kikombe changu?"

"Vimesaidiana, bibi."

Masasi niliruhusiwa, mradi niendelee na dawa kwa muda na nipime damu huko huko. Nilipofika nikafungua begi. Katikati ya mashati, kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga, kilikuwa kikombe cha bluu, na kijiko chake ndani.