Choo cha Wageni

Mradi wa maji ulipofika kwetu Murukulazo ulikuja na sharti: vyoo kwanza, bomba baadaye. Fedha zilikuwa ruzuku, na wafadhili hawakutaka kuleta maji safi mahali ambapo yangechafuliwa siku hiyohiyo. Kwa kuwa nyumba yetu iko kando ya barabara, tulijengewa choo cha mfano, kitongoji kizima kije kujifunza.

Kilikuwa kizuri kuliko nyumba yenyewe. Sakafu ya saruji, sinki jeupe, bati jipya. Mama mkwe wangu alikizunguka mara mbili, akatia kufuli, akafunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake.

"Hiki ni cha wageni," alisema.

Sisi tukaendelea na choo cha zamani nyuma ya migomba, ambacho miti yake ilikuwa imeoza, ukiikanyaga inalia. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Kila nikiingia nilishika ukuta kwa mikono miwili na kusali sala fupi.

Siku moja mama alipokwenda kwenye sala za jumuiya nililichunguza komeo lililoshika kufuli. Fundi alikuwa ameharakishwa kwa ajili ya uzinduzi; misumari ilitoka kwa vidole. Niliingia, nikatoka, nikafagia, nikarudisha misumari mahali pake. Kesho yake mama alikwenda shambani, nikarudia. Hata mume wangu sikumwambia. Angetaka na yeye, na kufagia hajui.

Siku chache kabla sijajifungua, mgeni wa wafadhili alikuja kwa njia ya Rusumo, mwanamke mpole, akifuatana na bwana afya wa kata.

"Shikamoo, mama," bwana afya alisema.

"Marahaba. Karibuni mkione." Mama alifungua kufuli taratibu. "Tangu kijengwe hakuna aliyekichafua."

Bwana afya akakunja uso. Alieleza kwamba choo kisipotumika maana yake watu hawajabadilika, na bomba la kitongoji linaweza kuahirishwa.

"Yaani mmetoka huko kote kuja kutafuta uchafu wetu?" mama aliuliza.

Bwana afya aliingia na tochi, akainama, akakaa humo kitambo. Alitoka anatabasamu.

"Mama, una utani. Kinatumika, tena kinatunzwa."

Mgeni akaandika, akapiga picha, akampa mama mkono. Mama alipokea pongezi. Macho yake yalipita kwa mwanawe, mume wangu, yakaja kwangu, yakatua kwenye tumbo langu.

Gari lilipoondoka alianza kunisema kwa Kihangaza, lugha yake ya hasira. Katikati akarudi kwenye Kiswahili.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka, mama."

"Si ungesema?"

"Niliogopa kuanguka kule nyuma. Na wewe nilikuogopa zaidi."

Aliondoka akaenda nyuma ya migomba. Nilimsikia akiijaribu ile miti kwa mguu, mmoja baada ya mwingine. Aliporudi alimwita mume wangu, akamwamuru achukue jembe akakifukie choo cha zamani kabla hajala.

Bomba lilikuja baada ya misimu miwili ya mvua, mwanangu akiwa ameshaanza kutembea. Mama alichaguliwa kwenye kamati ya maji. Wanawake wakipanga ndoo aliwasimulia jinsi alivyohangaika kutufundisha kutumia choo cha kisasa, hasa mkwewe wa Biharamulo, aliyekuja mbishi sana. Mimi nilikuwa pembeni nikifua nepi, nikiitikia kwa kichwa.