Kibao cha Jumanne

Mwalimu Methusela aliacha madaftari kumi na manne yaliyojaa neno moja tu la Kiingereza, fall. Pale kijijini kwetu, nje kidogo ya Mpwapwa, walimwita Mwalimu Anguka. Waliomkuta akiwa amestaafu walisema kusoma kumemvuruga akili, mtu mzima anakaa barazani na kamusi, anaandika kuanguka. Mimi sikucheka hata siku moja. Neno lile nilimpelekea mimi.

Alikuwa Mgogo mwenzetu, mtu wa Kongwa, mrefu, shati limechomekwa hata siku ya mnada. Nisimsingizie, alitupenda. Chaki zikiisha alinunua zake. Ila aliamini kwamba Kigogo kitatuacha palepale nyuma ya mbuzi, na Kiswahili hakitatufikisha mbali zaidi. Basi akatutengea Jumanne kuwa siku ya Kiingereza. Alichonga kibao cha mbao, akakitia kamba, na aliyenaswa akiongea lugha nyingine alikivaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Kengele ya kutoka ikikukuta nacho, vyoo vyote vya shule ni vyako wiki nzima. Yeye mwenyewe siku hiyo hakusikia kitu kingine. Ukimsemesha Kiswahili aliendelea kusahihisha madaftari kana kwamba hakuna mtu mlangoni.

Wazazi walikipenda kile kibao. Mama Penina alikisifu kuliko wote, maana yeye hakusoma, na alitaka mwanawe aje aongee na wageni bila kutafsiriwa.

Oktoba ya mwaka 2003 bomba la shule lilikuwa limekauka, kama kila kiangazi. Wasichana wa darasa la tano tulitumwa korongoni kuchota maji ya walimu na ya jikoni. Huko maji hufukuliwa mchangani, na kiangazi kikiwa kirefu shimo linakwenda chini kupita kimo cha mtu. Siku hiyo tulikwenda wawili, mimi na Penina, tuliokuwa tunakaa dawati moja. Yeye alishuka na kopo, mimi nikabaki juu kuvuta ndoo. Ukingo ukaporomoka. Mchanga ulimfika kifuani, na mwingine ulikuwa unaendelea kushuka. Nilijaribu kumfikia mkono nikaona na mimi nateleza. Nikakimbia shuleni. Ilikuwa Jumanne, na kibao kilikuwa shingoni mwangu, kinanigonga kifua njia nzima.

Nilimkuta Mwalimu ofisini, peke yake, ameinamia madaftari.

"Mwalimu, Penina..."

"In English, Ruthu," alisema, bila kuinua kichwa.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kwa Kiingereza nilijua rangi, siku za wiki na viungo vya mwili. Mchanga sikuujua. Shimo sikulijua. Nilisimama pale mdomo wazi, nahema, naye akadhani nimekuja kumshtaki mwenzangu ili nivuliwe kibao, kama tulivyozoea kufanya. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu niende kwa wenzangu nitafute maneno, nikiyapata nirudi.

Nikaenda. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo. Nilikuwa na Kigogo kizima kinywani, ningepiga yowe kijiji kizima kingetoka na majembe, lakini niliogopa vyoo. Nilimtafuta Geofrey, aliyekuwa wa kwanza darasani, nikamkuta nyuma ya madarasa akimwagilia miti maji machafu ya jikoni. Nikamnong'oneza asije akatusikia mtu, "Ukitaka kusema mtu ameanguka unasemaje?" Akaniambia. Nikarudi mbio nikilirudiarudia lisinitoke.

"Penina fall," nikasema. "Korongo."

Mwalimu aliinua kichwa, akaniona machozi na mchanga mpaka kwenye nywele. Kiti kilianguka nyuma yake. Sijapata kuona mtu akikimbia vile. Alifukua kwa mikono, kucha zikang'oka, na alipomtoa Penina alikuwa tayari ameshakufa, mchanga umejaa mdomoni.

Watu walipokusanyika aliwaambia, "Ruthu alipofika tu, nikakimbia." Akaniangalia. Nami nikanyamaza. Jioni mama yangu alinivua kile kibao, na kesho yake Mwalimu alikichoma moto. Jumanne za Kiingereza zikaishia hapo. Hakuna aliyeuliza sababu.

Mama Penina aliiona ile mikono inayovuja damu, na ndiyo aliyoikumbuka. Kuanzia mwaka ule, kila mavuno, alimletea Mwalimu bakuli la karanga, akipiga goti kumkabidhi. "Ni mikono iliyonitolea mwanangu," alikuwa akisema mbele ya watu. Mwalimu alipokea, akashukuru, akaingia ndani kuandika.

Aliandika nini? Kila namna Mwingereza anavyoanguka. Bei inaanguka, serikali inaanguka, mvua nayo inaanguka. Mtu anaangukia usingizini, anaangukia mapenzini, anaangukia kwenye ugonjwa. Hata usiku kwao unaanguka, wakati kwetu unaingia tu taratibu. Pembeni alipanga ndugu wa neno hilo, la kuporomoka, la kudidimia, la kutumbukia, kila moja na sentensi yake. Akimaliza daftari anaanza jingine.

Mimi niliolewa, nikahamia Ihumwa, nauza nafaka. Mwaka 2024 William, mwana wa Mwalimu, alinipigia simu: mzee amepata kiharusi na anakutaka wewe. Nilimkuta kitandani, upande wa kulia umelala, maneno yanamtoka moja moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanionyesha kwa jicho daftari la kwanza. Nikafungua. Juu kabisa, kwa mwandiko wake mzuri, palikuwa na sentensi moja ya Kiingereza iliyosema ukingo wa kisima umemporomokea Penina, Mwalimu, njoo upesi. Ile niliyopaswa kuisema mimi. Chini yake tarehe, na kurasa zote zilizobaki zilianzia hapo.

"Mlete Mama Penina," akasema. "Nimwambie mwenyewe."

Hasira zilinipanda, mgonjwa au si mgonjwa. "Miaka ishirini na mmoja, Mwalimu! Unatafuta maneno ya Kizungu ya kumwambia mama asiyejua Kizungu?"

"Najua," akasema. Kisha, "Wewe je?"

 Tukakubaliana nimlete Jumamosi.

Alhamisi kiharusi kikarudi, kikachukua ulimi wote. Jumamosi nilipofika, Mama Penina alikuwa ameshatangulia, hakusubiri kuitwa. Amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, anamnywesha uji wa karanga kwa kijiko, anamfuta kidevu kwa upindo wa khanga. Mwalimu aliponiona alianza kutoa sauti, si neno, sauti tu, macho yanatoka kwangu yanakwenda kwa yule mama, yanarudi kwangu.

"Anataka kitu," alisema Mama Penina. "Anataka nini, mwanangu?"

Nilisimama mlangoni, vilevile kama siku ile.

"Kuna habari, mama. Sijui niisemeje."

"Sema kwa Kigogo. Nakusikia."

Nikasema kwa Kigogo. Mlango wa ofisi, kibao, Geofrey na miti yake, neno nililorudi nalo. Sikuficha uoga wangu wala uongo wake mbele ya watu. Mwalimu alikuwa analia upande mmoja wa uso. Kijiko cha Mama Penina kilibaki hewani, uji unadondoka magotini mwake.

"Ulipomwacha korongoni," akauliza, "alikuwa anapumua?"

"Alikuwa ananiita."

"Akikuita kwa Kiingereza?"

"Hapana, mama. Kwa Kigogo."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Akamfuta Mwalimu kidevu, akarudisha kijiko ndani ya bakuli, uji ukiwa nusu, akalifunika, akaondoka nalo. Kwenye mlango alinipita bila kuniangalia.

Mwalimu alikufa siku ya tisa tangu Jumamosi ile. Hakuwa anakubali tena chakula, William aliniambia, akiletewa kijiko anageuzia uso ukutani.

Mazishini kilikuja kijiji kizima, na waliosoma kwake walitoka hadi Msalato. Mama Penina naye alikuja. Watu walipopanga mstari wa kutupa udongo alikuwa mbele yangu, khanga ameifunga kiunoni. Zamu yake ilipofika, mchungaji alimsogezea beleshi. Aliuangalia ule udongo, udongo wetu wa huku ni mchanga tu, akakunja mikono kifuani.

"Huo wa kwangu niliutoa zamani," alisema, akapita.

Watu walidhani ni uchungu. Mchungaji akanigeuzia mimi beleshi, nikachota udongo wake kwa mkono, na vidole vyangu havikutaka kufunguka.