Mtungi wa Kwanza wa Bi Mwanaisha

Nakumbuka asubuhi moja kule Bigwa, mwanangu, mama alipopiga yowe shambani mpaka nikadhani ameumwa na nyoka. Nilikimbia. Nikamkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili, na mbele yake kitalu kizima cha kabichi kimelala chini. Majani yalikuwa yamenyauka na kukauka pembeni, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Miche ile ilikuwa ya msimu mzima, yetu na ya shangazi zangu wawili.

"Nani kanifanyia hivi?" mama aliuliza.

Nilijua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami msichana wa miaka kumi na saba, najiona mjuzi wa kila kitu. Jirani yetu, Bi Mwanaisha, alikuwa mjane wa Bagamoyo aliyeolewa kule kwetu. Ndugu zake walimletea magunia ya mwani mkavu, yale majani ya baharini. Aliuloweka kwenye mitungi, kisha maji yake akayamwagia maharage, na maharage yake yalisimama imara hata jua lilipokaza. Sikumuuliza kitu. Siku alipokwenda Mwembesongo nikaingia uani kwake, nikachota debe zima kwenye mtungi wa kwanza niliouona, nikanyweshea kitalu cha mama. Nilitaka kumshangaza. Basi, siku ya pili yake ndipo mama akapiga yowe lile.

Wanawake wakajaa shambani. Mmoja akasema kwa sauti, "Ni huyu wa pwani na mitungi yake! Mimi nilisema siku nyingi, dawa zile si za mimea."

"Aondoke," mwingine akadakia. "Arudi kwao kabla hajatumalizia mashamba."

Nami nilikuwa nimesimama pale pale, mwanangu, mdomo umefungwa. Hadi leo najishangaa.

Bi Mwanaisha mwenyewe akaja. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akainama, akachukua udongo kidogo, akauweka ulimini, akatema.

"Chumvi," alisema. "Aliyemwaga maji haya aliyachota kwenye mtungi wangu wa kuoshea."

Hakutaja jina. Alinitazama tu.

"Ni mimi," nikasema.

Mama aligeuka taratibu. Nilingoja kofi, halikuja. "Wewe?" alisema. "Na ukawaacha wamtukane mama wa watu?"

Kofi ningelisahau. Maneno yale sijayasahau.

Bi Mwanaisha akasema, "Mtungi wa kwanza naoshea mwani utoke chumvi, na maji yake namwaga njiani. Wa pili ndimo mwani unamoozea wiki kadhaa, halafu natia kibuyu kimoja tu kwenye debe la maji. Nimekaa hapa miaka tisa. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza."

Siku tatu tulibeba maji ya mto kichwani kuusafisha udongo ule. Miche michache ilipona. Mingine Bi Mwanaisha alitugawia kutoka kitalu chake. Kabichi zetu zilichelewa mwaka ule, lakini zilifunga vichwa. Na yule aliyesema aondoke ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda uani kwake na chungu mkononi, akiomba afundishwe.

Siku hizi maji ya mwani yanauzwa kwenye chupa pale mjini, nawe umeniambia unataka kuyajaribu. Yajaribu. Soma kipimo chake kwanza, anza na tuta moja, wala usiache samadi ukidhani mwani utafanya kazi yote. Ukiona shamba la mwenzako limestawi, mpigie hodi umuulize, hata kama ametoka mbali. Na ukiharibu, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako.

Mungu akupe mvua ya kiasi, mwanangu, na ardhi yako ikukubali.