Baiskeli ya Baba Imepata Mtoto Mwingine

Jamani, leo nimeibiwa marehemu baba yangu, mchana kweupe.

Ekal ni rafiki yangu wa hapa Kakuma. Tumejiandaa pamoja kwa mtihani wa kuongea Kiingereza. Mimi napiga pedali, yeye amekaa kwenye keria, ananiuliza maswali.

Zamu yake ya kujibu ilipofika, jibu lake kuhusu baiskeli lilikuwa kavu. Eti ni nzuri kwa afya.

Nikamwambia, aki weka kitu cha kweli. Nikampa mfano wangu: baba akinisukuma na baiskeli hii hii kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, tairi amezijaza matambara kwa sababu ya miiba.

Leo tukaenda Lodwar kwa mtihani. Ekal akaingia kwanza, akatoka anacheka.

Nikaingia. Swali? Baiskeli! Nikaanza kwa raha: baba, mchanga, matambara...

Mtahini akaweka kalamu chini.
"Hiyo nimeisikia sasa hivi. Mnakariri?"



Nje nikamkabili Ekal. Akanijibu bila aibu, "Si wewe ulisema niweke kitu cha kweli?"

Kweli ya nani? Baba yake yuko hai, na hajawahi kuwa na baiskeli!

Sasa hivi ameniandikia: "Kesho utanipitia na baiskeli?"

Nimjibu aje? Si ni ya baba yake, aje aichukue.