Nyasi za Shemeji Sefu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, dada yangu Mwamini aliposhika ufagio akafagia nyasi. Usicheke. Hata mimi ningecheka, kama nisingejua yaliyofuata. Jana ulinipigia simu kwa furaha, ukaniambia umetandika nyasi mpya uani kwako, na umemkataza kila mtu kuzikanyaga. Nikakupongeza. Lakini tangu hapo moyo wangu ni mzito, na afadhali nikwambie kwa nini.

Nyumba ya Mwamini ni hapa hapa Nyamirambo, mteremkoni. Mumewe, shemeji Sefu, alikuwa fundi cherehani, maisha yake yote mguu juu ya pedeli. Alipougua figo, miguu ilivimba hata kiatu hakikuingia. Akawa analala chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama ua, na ua wenyewe wakati ule ulikuwa udongo mwekundu mtupu. Siku moja akasema anatamani kuweka miguu yake mitupu juu ya majani mabichi, kama zamani alipokuwa akichunga mbuzi wa babu yake. Hakuomba kitu kingine. Haruna, mwanawe wa pekee, akasikia.

Haruna alimpenda baba yake, hilo nalisema wazi. Alileta nyasi ya pasipalumu, ile inayokatwa pamoja na udongo wake na kutandikwa kipande kwa kipande kama mkeka. Alilainisha ardhi, akachanganya samadi, akavisogeza vipande vikabanana, akavipigilia vijiti visije vikateleza na mteremko. Alimwagilia asubuhi na jioni, na bomba likikauka, kama unavyolijua bomba letu, alipandisha jerikani kutoka bondeni. Shemeji alimtazama dirishani akitabasamu. Kazi ilipokwisha tu, akaomba atolewe nje.

“Ihangane, papa,” Haruna akamwambia. “Majani bado haijashika. Ukikanyaga sasa itakufa.”

Ihangane, kwa Kinyarwanda, ni kumwambia mtu avumilie kidogo. Na kijana hakukosea, maana nyasi mpya haitaki mguu wa mtu mpaka mizizi iingie ardhini. Kila asubuhi aliinama akavuta pembe ya kipande polepole; ikiinuka, anatikisa kichwa na kurudi na maji. Shemeji naye anauliza kitandani, “Leo je?” Anajibiwa neno lile lile. Sisi tuliokuwa tukiingia mle chumbani tulimwona anavyopungua.

Sasa nije kwenye ufagio. Mimi na Mwamini tulilelewa na mama ambaye hakukubali jua likute ua haujafagiwa. Ua usiofagiwa, kwake yeye, ulikuwa ua wa nyumba yenye msiba, na ukiuacha hivyo unauita msiba uje. Nilichapwa kwa ajili hiyo nikiwa msichana, na mpaka leo nikiona takataka uani siwezi kuziacha. Mwamini, mume wake yuko kitandani, angeweza kuacha? Majani makavu ya mti wa jirani yalipoangukia nyasi, akaamka na ufagio wa vijiti akafagia kwa nguvu, kama alivyofagia udongo miaka yote. Vipande vikainuka penye viungo vyake, na ile mizizi michanga ikakatika.

Haruna alitoka mbio.

“Mama, nini hii? Umeua majani ya papa!”

Mwamini alisimama pale, ufagio mkononi. Alikuwa akifagia ili kifo kisipate njia ya kuingia, lakini mwanawe hakulijua hilo, wala hakumuuliza. Kazi ikaanza upya, kubana, kumwagilia na kungoja. Dirishani tukasikia sauti ya shemeji, ndogo kabisa: “Basi, tungoje tu.” Tangu siku ile hakuuliza tena.

Alifariki nyasi hazijashika. Watu walikuja wengi, na kila aliyempa Haruna mkono alimwambia, “Ihangane,” maana huku kwetu hilo ndilo neno la pole vilevile. Niliuona uso wake kila lilipotamkwa, na iliniuma. Wanaume walipotoka na jeneza, wakataka kukatisha katikati ya ua. Haruna, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono.

“Pitieni pembeni. Majani bado.”

Wakapita pembeni, kwenye kile kiukingo cha saruji, wakisukumana mabega, jeneza limeinama upande mmoja. Walikuwa wamefika getini ndipo kijana akatambua alichosema. Akapiga ukelele: “Rudini! Mpitisheni juu ya majani yake!”

Mzee mmoja aliyebeba mbele akajibu bila kugeuka, “Maiti harudishwi, mtoto wetu. Twende.”

Wakaenda.

Zile nyasi zilishika baadaye, tena vizuri. Hakuna ua mzuri kama ule mtaani kwetu, wageni wanausifu, na Haruna hajakanyaga hapo hata mara moja.

Basi sikiliza, mwanangu. Nyasi zako zimwagilie mpaka udongo wa chini ulowe, si juu tu. Zikazanie za ukingoni, ndizo hukauka kwanza. Takataka ziokote kwa mkono. Vuta pembe kwa upole, na ikikataa kuinuka ujue imeshika. Ukimwona mtu anaziharibu, muulize kwanza anaogopa nini, kabla hujapandisha sauti. Lakini kubwa ninalokuambia ni hili: nasikia baba mkwe wako ametoka hospitali na yuko kwako, na jana nilimsikia kwenye simu akiuliza lini atakaa nje. Usimwambie avumilie. Mvue viatu, mshike mkono, mtoe leo. Zikifa, pasipalumu nyingine ipo, inakatwa kila siku.

Mungu awape maji bombani na afya nyumbani. Akupe macho ya kumwona mtu kabla ya kazi unayomfanyia. Na wazee wako wakifurahie ulichowapandia wangali wanapumua. Amina.