Kitabu Nilichokichagua kwa Uzito

Jamani, mpaka leo nikipita mbele ya kanisa letu hapa Mpepai uso unaniwaka, lakini acheni niwasimulie mwenyewe kabla jirani yangu hajawasimulia na chumvi zake.

Watoto wa shule yetu walichuma kahawa ya shamba la shule msimu mzima (na baridi ile ya asubuhi, vidole vimekakamaa) ili wapate kitabu kimoja cha sayansi na teknolojia, cha kujibu kila wanachouliza. Mzee Ndunguru, mwenyekiti wa wazazi, alitaka tununue spika ya mikutano. Mimi ndiye niliyebishana naye mkutanini hadi akakaa, basi wakanituma mimi Songea kukichagua.

Muuzaji akaniwekea viwili: kimoja chembamba, chenye picha, kimechafuka kidogo kwa kushikwashikwa, kingine kinene, jalada gumu lenye roketi, kimefungwa nailoni, mgongoni kimeandikwa Juzuu ya Nne. Nikavinyanyua, kimoja mkono huu kingine mkono huu, maana sisi wa kahawa kitu tunakijua kwa uzito, na nne si inazidi moja?

"Mama, kifungue kwanza uone," akaniambia.

Nikamjibu kwa maringo, "Malimbuko hayafunguliwi njiani, baba. Yanaanzia altareni."

Jumapili wakati wa matoleo nikakibeba kichwani, nacheza, vigelegele, kitenge kipya (nilijiona, nyie!), Padre akakibariki, na baada ya misa akaniambia nikifungue pale nje mbele ya watu wote, watoto waulize. Tumaini, binti wa darasa la sita, akauliza kwa nini kahawa hudondoka ikiwa mbichi. Nikatafuta, nikaipata, nikasoma kwa sauti ya somo la kwanza la misa: "Kahawa. Tazama juzuu ya pili."

Watoto wakatazamana.

Mwingine akauliza ndege hurukaje. Tazama juzuu ya kwanza. Radi? Juzuu ya tatu. Nikafungua katikati, nikafungua mwisho, jasho linanitoka na baridi yote ile: kitabu kizima kilikuwa faharasa, kazi yake kukuelekeza kwa ndugu zake watatu ambao sikuwahi kuwaona! Mtu akapaza sauti nyuma, "Mama Tuzo, tazama juzuu ya Songea!" Wakacheka hadi wanakwaya. Watoto hawakucheka. Tumaini aliangalia vidole vyake tu, na hapo ndipo nilipoumia.

Mzee Ndunguru akasimama. Nikasema moyoni, leo nimekwisha. Akakichukua kile kitabu mikononi mwangu, akawageukia watu.

"Tumekosea," akasema. "Kesho mimi na mama tunakirudisha."

Ndani ya basi hakunisema hata kidogo. Tulipofika Kitai ndipo akanong'ona, "Hata mimi ningechukua kizito." Dukani akaketi na kile chembamba, akaanza kukihoji: kahawa, radi, hata wale wadudu wanaopanda juu ya Ziwa Nyasa kama moshi. Vyote vimo, na picha. Muuzaji akatubadilishia bila kununa, ingawa nailoni nilishaichana (Mungu ambariki yule baba).

Siku hizi ukiuliza lolote hapa kwetu, hata bei ya chumvi, utaambiwa tazama juzuu ya pili, nami nacheka nao. Na nimeapa, sitoi hela ya kitabu kabla sijakiuliza swali na kikanijibu.

Lakini kosa lile lilikuwa langu peke yangu, na yule niliyemshinda mkutanini ndiye aliyesema tumekosea. Kila nikimwambia "Shikamoo, mzee," namshukuru kwa hilo, na sidhani kama anajua.