Jumamosi ya Matufaha

Nilijua kwamba ni Jumamosi ile. Karibu mwaka mzima nilikana: niliwaambia kaka zangu kwamba nilichanganya tarehe, nikamwambia jirani kwamba simu iliisha chaji, nikamweleza hata padri, ambaye hakuwa ameuliza. Sikuchanganya chochote. Tarehe niliiandika mwenyewe kwenye kalenda ya jikoni, na simu niliiacha chini ya mto, ikiwa na chaji ya kutosha.

Siku hiyo shemeji yangu alikuwa avuke kutoka Bukavu kuja kuwaona watoto wake. Mama yao alikuwa mdogo wangu. Sote wawili tulizaliwa ng'ambo ile. Mimi nikarudi huku, yeye akaolewa akabaki. Alipozidiwa na ugonjwa alivuka na watoto wawili, akaja kulala kwangu Kamembe, upande huu wa mpaka, na baada ya mazishi watoto hawakurudi. Msichana alikuwa na miaka saba, mdogo wake minne. Mimi niliandika tasnifu nzima juu ya malezi ya yatima, nikapewa alama nzuri na walimu. Hakuna hata mmoja wao aliyeniambia kwamba mtoto wa miaka minne huchagua kutapika ndani ya kiatu.

Walikaa kwangu miaka miwili, kisha baba yao akaomba warudi kwake. Familia ilikutana ikaamua vizuri: aje Jumamosi moja, ashinde nao, halafu wao wenyewe waulizwe wanataka kukaa wapi. Nilikubali mbele ya wote, tena kwa hotuba fupi kuhusu haki za mtoto. Kilichonitisha ni kwamba wangeulizwa, na wangejibu.

Basi asubuhi hiyo niliwavika masweta, tukapanda basi la kwenda juu, kwenye mashamba ya chai, ambako mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amepanda matufaha. Sisi tunayaita mapome, na tunayajua yale ya sokoni, yaliyovikwa wavu mweupe kama mgonjwa aliyefungwa bandeji.

"Mapome haiko ku muti," mdogo alibishana njia nzima. "Inatokaka mu kartoni."

"Weye pia ulitokaka mu kartoni," dada yake akamjibu. "Njo maana kichwa yako iko vile."

Abiria wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, huku nikiangalia saa. Ilikuwa saa tatu. Kwa hesabu yangu shemeji alikuwa amefika mlangoni.

Mwalimu alitupokea na kikapu kimoja na maonyo mengi. Matufaha yake yalikuwa madogo, yenye madoa, na makali kidogo mdomoni, lakini yalikuwa kwenye mti kweli, na mdogo alisimama chini yake akayahesabu kwa kidole. Kisha akaanza kula. Alikula matano. Nilimbeba mabegani afikie matawi ya juu, akawa ananipangusia juisi kwenye nywele, nami nikajiambia kwamba hakuna baba duniani anayeweza kuwapa siku kama hii. Ninayaandika haya nikijua yanavyosikika.

Mstari mmoja wa miti ulikuwa mtupu, bila jani hata moja.

"Hii imekufa?" msichana akauliza.

"Hapana, binti. Tumeitoa majani kwa mikono," mwalimu akasema. "Huku hatuna baridi ya kweli. Bila kuinyonyoa, haijui kama mwaka umeisha, inakaa tu. Ukiinyonyoa inafikiri imepita mu shida kubwa, inatoa maua."

"Kumbe munaidanganya."

"Kidogo tu. Weye usiiambie!"

Mwalimu alicheka. Msichana hakucheka. Alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maman mukubwa, leo haiko siku ya papa kukuya?"

"Ni wiki ijayo," nikasema.

Tulirudi jua likishuka. Jirani alikuwa anatusubiri kwenye lango, mikono kiunoni.

"Maman, mulikuwa fasi gani, mulienda wapi? Bwana ya marehemu alikaa hapa ku ngazi tangu asubuhi. Nilimuita ndani, akakataa, eti batoto bakipita hatabaona. Ameenda sasa hivi, juu mpaka inafungwa."

Shemeji alikuwa ametuachia mfuko. Ndani mlikuwa na jozi mbili za viatu vipya. Msichana alikaa palepale kwenye ngazi, akajaribu vyake. Kisigino hakikuingia. Alikuwa amenunuliwa viatu vya mguu wa miaka saba. Alijaribu tena, akisukuma kwa kidole, kisha akavirudisha kwenye mfuko, akafunga mfuko kwa fundo. Hakuniuliza chochote, siku ile wala baadaye.

Shemeji hakurudi. Ng'ambo kulikuwa na vita, simu zilikata, na nadhani alikuwa na aibu pia; mtu aliyesahauliwa ngazini siku nzima hana haraka ya kurudi. Kaka zangu walisema labda amebadili mawazo. Nilisema labda, kwa huzuni ya kupendeza.

Kisha Jumapili moja, tukitoka misa, simu ikalia, na aliyepiga alikuwa shemeji. Nilianza: pole sana, shemeji, ile siku tulichanganya tarehe… Msichana alikuwa amesimama mbele yangu, amenyoosha mkono. Alikuwa na miaka kumi sasa. Nikampa simu.

"Papa, ni miye," akasema. "Hatukuchanganya. Tulienda kuchuma mapome." Akasikiliza. "Ndiyo, alijua." Akasikiliza tena, safari hii kwa muda mrefu, akimtazama mdogo wake aliyekuwa anapiga jiwe kwa mguu kwenye uwanja wa kanisa. "Ndiyo. Nataka. Na yeye pia, nilishamuuliza."

Alinirudishia simu taratibu, kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha.

"Shemeji," sauti ya baba yao ikasema, "nitakuya Jumamosi. Aksanti kwa kunilelea batoto." Nilingoja aseme lingine, hata tusi. Akauliza tu kama saa tatu itanifaa, nikamwambia itanifaa.